Bakuli Lenye Tundu

Sehemu ya kumi na moja

"Fungueni! Kwa jina la Mungu, fungueni!"

Tulimwacha Bibi Bakhtawara ameinama juu ya tanuri, donge la unga kiganjani, na mlango wa ua wake ukitikisika kama unataka kung'oka. Aliyekuwa nje hakuwa mtu wa Tangai. Watu wa Tangai hawapigi mlango wa mjane mchana wakati wanaume wako kazini.

Bakhtawara hakuuliza ni nani. Akavuta komeo.

Kijana akaanguka ndani kifudifudi. Damu ilikuwa imelowanisha kanzu yake kutoka ubavuni hadi gotini, na mkononi alikuwa na mfuko wa gunia. Akajivuta kwa viwiko, kuku wakimkimbia huku na huku, mpaka akalifikia tanuri. Akakamata ukingo wake kwa mikono miwili.

Ukingo ulikuwa wa moto. Ngozi ikalia. Hakuachia.

"Nimeshika tanuri lako, mama," akasema. "Nimeshika."

Katika mabonde yale ya Wapashtuni, mtu akishika tanuri la nyumba amekuwa mgeni wa nyumba hiyo, hata kama jana yake alichinja kondoo wao wote. Anayemgusa amewagusa wenye nyumba.

"Achia, utaiva," akasema Bakhtawara. "Nimekuona. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Marjana. Naitwa Zmarak. Wa Barkalai."

Donge la unga likamponyoka likaanguka majivuni.

Barkalai! Kijiji cha ng'ambo ya korongo. Kijiji ambacho risasi yake ndiyo iliyomfanya mjane.

Hakupata nafasi ya kusema neno. Miguu mingi ilikuwa inakuja mbio njiani, na sauti iliyotangulia aliijua kuliko anavyojua sauti yake mwenyewe.

"Mama! Mtoe huyo mbwa nje!"

Ilikuwa sauti ya Nangyal, mwanawe wa pekee.

*

Nangyal alisimama kizingitini na sururu begani. Nyuma yake walijaa wachimbaji, matope hadi kifuani, macho mekundu.

"Amekuja na baruti!" akapiga kelele. "Tumemkuta kwenye shimo la kushukia, anateremsha huo mfuko kwa kamba. Na sisi tuko chini, mama! Zamu nzima tuko chini! Alitaka kutuzika hai!"

Msomaji uliyechelewa kuungana nasi, jua jambo hili kisha twende. Tangai na Barkalai waliishi kwa karezi moja, handaki refu ambalo mababu wa pande zote mbili walilichimba chini ya mlima ili maji yaje yenyewe. Kisha wafadhili wa Ulaya wakatoa fedha za kisima kirefu cha vijiji vyote viwili. Kazi akapewa Haji Lawang. Haji akachimba kisima hicho katikati ya bustani yake ya matufaha, akaweka pampu, akaweka kibao chenye bendera za watu, akaweka na kufuli. Maji yote ya chini yakamfuata yeye. Karezi ikakauka. Toka hapo vijiji vinanunua kwa Haji maji viliyokuwa vikiyachota bure, na vinauana kwa matone yaliyobaki.

Mwaka huu wafadhili walewale wameleta fedha tena, safari hii za kuirefusha karezi mpaka iyafikie maji upya. Sharti lao ni moja. Vijiji vichimbe kwa zamu, na pasisikike risasi. Wazee wakaweka jiwe jeupe la suluhu katikati ya korongo, mpaka ambao mwanamume wa upande mmoja havuki kwenda wa pili nje ya zamu yake ya kazi. Bunduki zikafungiwa misikitini. Suluhu ikivunjika, kazi inafungwa, na fedha zilizobaki zinahamishiwa kisima cha Haji.

Na mchana huo, risasi ilikuwa imesikika.

"Nani amempiga?" akauliza Bakhtawara.

"Si sisi. Bunduki zetu ziko msikitini na ufunguo anao mulla. Imetoka kilimani. Lakini mimi ningekuwa nayo ningempiga usoni, si ubavuni."

"Afadhali hukuwa nayo."

"Mama, toka mlangoni."

"Ameshika tanuri."

"Hata kama ameshika mbingu!" Nangyal akatupa mkono kuelekea korongoni. "Hawa walimuua baba! Leo walikuja kunizika mimi! Unangoja nini, wamalize ukoo?"

Kofi lilitua kabla hajafunga mdomo. Likamwachia shavuni vidole vitano vyeupe vya unga.

Wachimbaji wakatazamana. Mmoja wao, mtu mnene aitwaye Gulab, akakohoa kwa heshima.

"Bibi, tumpige nusu tu. Nusu nyingine tukuachie wewe."

"Gulab, wewe hata mkate huachi nusu. Rudi nyuma." Bakhtawara akapanua mikono, akashika mihimili ya mlango pande zote mbili. "Anayetaka kuingia anipige mimi sururu kwanza. Haya. Nani anaanza?"

Hakuanza mtu.

*

Ndipo Bakhtawara akaliendea lile gunia. Wachimbaji wakaruka nyuma kama kuku.

"Mama, usiguse! Baruti hiyo!"

Akatoa kitita cha vijiti vilivyofungwa karatasi nyekundu. Akauvuta utambi, akausugua kati ya vidole. Masizi yakabaki vidoleni. Ndani ya masizi palikuwa na nyuzi za majani.

"Hii ni kamba ya kitanda," akasema.

"Nini?"

"Kamba ya kitanda, Nangyal. Ninasuka vitanda tangu sijaolewa, unifundishe kamba?"

Akavunja kijiti kimoja gotini. Vumbi likamwagika. Akavunja cha pili. Udongo mkavu. Akavunja cha tatu, udongo, na kipande cha gamba la yai.

Zmarak aliinua kichwa akaangalia vumbi lile kama mtu anayeangalia kaburi lenye jina lake.

"Nani alikupa?" Bakhtawara akamuuliza.

"Haji Lawang. Alisema mtakuwa mmetoka kuswali. Niteremshe, niwashe, nikimbie. Handaki libomoke tu, mtu asiumie. Alisema mama yangu atapelekewa gari la maji bure mpaka baridi iishe."

"Na wewe ukaamini?" Nangyal akatema mate.

"Mama yangu ana kiu," akasema Zmarak.

Bakhtawara akapiga magoti kando yake. Alifungua shali yake ya ndani, akaikunja, akaikandamiza kwenye jeraha. Ikajaa damu papo hapo.

"Mwanangu," akasema polepole, "hukutumwa kubomoa karezi. Ulitumwa ukamatwe. Ulitumwa uje ufe kwetu."

Hapo kila mmoja akaelewa. Mtu wa Barkalai akifa upande wa Tangai, Barkalai watavunja msikiti wachukue bunduki. Suluhu kwisha. Karezi kwisha. Na kwa kuwa Haji hakuwa na hakika kwamba watu wa Tangai wataua haraka, aliweka mtu kilimani awasaidie.

Zmarak akacheka. Damu ikamtoka mdomoni.

"Alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Akaniwekea na iliki."

Nangyal aliiteremsha sururu taratibu. Alikuwa na mpini mkononi na hakuna tena mtu wa kumpiga. Hasira yake ilipotea njia.

Wakati huohuo simu ikalia mfukoni mwake.

*

"Nangyal? Ni mimi Hilal, ofisi ya mradi, Quetta. Ndugu yangu, nimeambiwa kuna risasi imepigwa huko."

"Nani amekuambia?"

"Haji Lawang. Amepiga sasa hivi. Amewapigia na wakubwa. Wanataka neno moja tu kutoka kwangu, suluhu ipo au haipo. Niambie ipo. Nakuomba. Nimeupigania mradi huu mpaka wenzangu ofisini wananiita mkwe wa Tangai."

Nangyal akamtazama mama yake. Mama yake akaichukua simu kwa vidole vya damu.

"Mwanangu Hilal. Umekula?"

"Ah... bado, bibi."

"Kale. Na wakubwa waambie wakuulize jua likizama."

"Bibi, hawangoji..."

"Wametungoja mpaka tumekauka. Watashindwa kungoja jua?"

Kisha Hilal akavuta pumzi.

"Jua likizama nisipopata jibu kutoka vijiji vyote viwili, ninafunga kazi. Si mimi, bibi. Ni amri."

"Najua si wewe. Kale."

Akamrudishia mwanawe simu. Zmarak alikuwa amemshika upindo wa nguo.

"Mama. Nitakufa?"

Wasomaji wangu, kuna wanawake ambao wangesema hapana. Bakhtawara alikuwa ameosha maiti nyingi mno.

"Ndiyo, mwanangu."

Kijana akafikiri kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu.

"Maji yakitoka... mama yangu hajayanywa tangu yakauke. Ya Haji anasema yana kutu. Bakuli la kwanza mpe yeye. Wewe. Kwa mkono wako. Ukimtuma mtu hataamini."

"Nitampa."

"Sema wallahi."

"Wallahi, bakuli la kwanza ni la Marjana. Nitampa kwa mkono wangu."

Nangyal akadakia. "Mama! Uende Barkalai? Watakuua hata hujafika mlangoni!"

"Wewe una kazi gani hapa?" Bakhtawara hakumtazama. "Mko dhiraa chache kutoka kwenye maji, ndivyo mlivyoniambia asubuhi. Nimeahidi maji ambayo bado yako nyuma ya mwamba. Rudini chini."

"Na kisasi?"

"Kichimbe."

Gulab alikuwa wa kwanza kugeuka. Kisha wote. Mwisho kabisa Nangyal, vidole vya unga bado viko shavuni.

*

Huko chini walichimba kama wendawazimu. Mwamba wa mwisho ulikuwa unatoa jasho. Nangyal aliupiga kwa hasira ya baba yake, akaupiga kwa aibu ya kofi, akaupiga kwa ajili ya mpumbavu wa Barkalai aliyeuza roho yake kwa gari la maji. Kipande kikaruka kikampasua nyusi. Hakusimama.

Ng'ambo ya korongo, ngoma ikaanza.

Haikuwa ngoma ya arusi. Ilikuwa ile nzito inayopigwa kwa vijiti vilivyopinda, inayowaita wanaume watoke na silaha. Mlango wa msikiti wa Barkalai ulisikika ukivunjwa.

Uani, kichwa cha Zmarak kilikuwa magotini pa Bakhtawara. Alimlowesha midomo kwa chai baridi. Kijana alikuwa akizungumza na mama yake, si na Bakhtawara. Alikuwa akimwambia asitoke nje, kuna baridi, ndoo atabeba mwenyewe.

Misikiti ya vijiji vyote viwili ikaadhini alasiri kwa pamoja, kama kawaida yake, huu ukiukimbiza ule. Mwadhini hajamaliza, Zmarak akanyoosha miguu. Macho yakabaki wazi.

Bakhtawara akayafunga. Akamfunga kidevu kwa kitambaa. Alikuwa bado ananong'ona maneno ya kumwombea aliposikia kelele kutoka korongoni, wanaume wazima wanalia kama watoto.

"Maji! Maji! Maji!"

*

Yalitoka kwa nguvu na yalitoka na watu. Mwamba ulipopasuka, maji yaliwazoa wachimbaji handakini yakawatapika kwenye kinywa cha karezi, mmoja juu ya mwingine. Gulab alivunjika mkono. Mwingine alitoka na fuvu limefunguka, akafa pale pale kwenye kokoto, maji yanampita mabegani. Jina lake Sabz Ali, na alikuwa amebakiza siku chache aoe.

Bakhtawara alifika kilio na kicheko vikiwa vimechanganyika. Maji yalikuwa ya udongo, kisha ya rangi ya chai, kisha meupe.

Akaliondoa bakuli kwenye ukuta wa kinywa cha karezi.

Bakuli hilo ni la shaba, na chini yake lina tundu dogo kama la sindano kubwa. Ndilo saa ya karezi. Mgawa maji huliweka lielee juu ya maji. Likijaa likazama, zamu ya shamba moja imekwisha, inaanza ya jirani. Halitoki ukutani karezi ikiwa kavu. Hakuna mtu wa Tangai wala wa Barkalai asiyelijua.

"Chukua birika, mama," Nangyal akasema. Damu ilimtiririka kutoka kwenye nyusi. "Hilo linavuja."

"Birika linaweza kubeba maji ya Haji. Hili haliwezi kusema uongo."

"Basi tuzibe kwa unga."

"Ulizibe bakuli la zamu?" Hata Gulab, ameshika mkono wake uliovunjika, alishtuka. Mtu anayeziba tundu hilo ameiba maji ya kila mtu. Waliofanya hivyo zamani walifukuzwa na watoto wao.

Bakhtawara akalichovya likajaa. Mkono wa kushoto akashika ukingo. Wa kulia akaupitisha chini, akaweka ncha ya kidole cha shahada kwenye tundu.

"Nileteeni mtoto wa Marjana," akasema.

Walimbeba Zmarak kwenye kitanda cha kamba, watu walewale waliotaka kumpiga nusu na wale waliotaka kumpiga mzima. Walimfikisha kwenye jiwe jeupe. Hapo wakamtua, maana mwanamume asingeweza kupita.

Ng'ambo, ukingo wa Barkalai ulikuwa umejaa bunduki.

"Mama," Nangyal akasema. Hakuwa na sauti ya kupiga kelele tena. "Nimepoteza baba. Nikikupoteza wewe, haya maji nitayafanyia nini?"

"Utayanywa," akasema Bakhtawara. "Simama hapa. Lolote litakalotokea, usivuke. Ukivuka, Haji ameshinda."

Akalipita jiwe peke yake.

*

Risasi ya kwanza ilirusha kokoto mbele ya miguu yake.

"Rudi, bibi kizee!" mtu akapiga kelele kutoka juu. "Umekuja kutucheka?"

"Nimekuja kwa Marjana!"

Ya pili ikapita karibu na sikio. Akayumba. Maji yakamwagikia kifundo. Akasimama, akayatuliza, akaendelea.

"Ni mwanamke, washenzi nyinyi!" Mzee mmoja alikuwa anawapiga vijana wake kwa fimbo mabegani. "Shusheni! Mnampiga risasi mwanamke? Mama zenu wako wapi?"

Bunduki zikashuka, moja moja.

Lakini alikuwepo Shadi, mtu wa Haji Lawang, yule aliyeshuka kilimani mchana na bunduki yenye moto. Shadi alijua bakuli lile likifika, yeye hafiki kesho. Akaitoa teo, ile kamba ya wachungaji ya kurushia mawe. Ikazunguka, ikanguruma, ikaachia.

Mtu yeyote akiona jiwe linakuja huinua mkono. Bakhtawara aliliona. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Jiwe lilimpiga jicho la kushoto.

Sauti yake ilisikika mpaka kwenye kinywa cha karezi. Alianguka goti moja. Jicho lilikuwa limekwenda, wasomaji, sitawadanganya, lilikuwa limekwenda na halitarudi. Damu ilimtiririka shavuni ikadondokea kwenye bakuli.

Nyuma yake Nangyal alinguruma, akaruka kuelekea jiwe jeupe.

"Nangyal!" Bakhtawara hakugeuka. "Mguu!"

Mguu wa Nangyal ulikuwa hewani, juu ya jiwe. Ulitetemeka hapo. Kisha akaurudisha chini, upande wake, akaanguka kwenye kokoto akayauma mavumbi kwa meno ili asivuke.

Bakhtawara akainamisha bakuli kidogo, akamwaga maji ya juujuu, yale yaliyokuwa na damu. Akabakiza nusu, safi. Kidole hakikutoka kwenye tundu.

Akainuka.

Hapo hata ngoma ilinyamaza. Vijana wa Barkalai walimtazama Shadi kama anavyotazamwa mtu aliyejisaidia msikitini. Yule mzee wa fimbo alimnyang'anya teo na kumtandika nayo usoni. Njia ikafunguka yenyewe.

*

Ua wa Marjana ulikuwa umetandikwa mazulia ya kilio. Katikati, juu ya godoro jipya, alikuwa ameketi Haji Lawang, tasbihi mkononi, sanda mpya imekunjwa kando yake. Karibu na sanda zililala bunduki mpya bado zina mafuta ya dukani.

"Na ndiyo maana ninasema," Haji alikuwa anaendelea kwa sauti ya asali, "damu ya kijana wetu isilale. Mimi ni baba yenu. Silaha nimeleta. Na kisima changu kitawanywesha..."

Akamwona aliyeingia. Asali ikakatika.

Bakhtawara alipita mbele yake kama anapita kigingi cha mbuzi. Kwa jicho lililobaki alimtafuta mwanamke mwenye uso wa Zmarak, akampata chini ya ukuta, mwembamba, mikono imetupwa mapajani.

"Wewe ndiye Marjana?"

"Ndimi."

"Mimi ni Bakhtawara wa Tangai. Mwanao alishika tanuri langu. Yuko kwenye jiwe jeupe, nimemfunga kidevu. Aliniomba bakuli la kwanza nikuletee kwa mkono wangu." Akapiga magoti. "Limepungua njiani. Nisamehe."

Marjana aliangalia shimo la jicho. Kisha akaangalia shaba.

"Hilo ni bakuli la karezi," akanong'ona.

"Ndilo."

"Mtoe huyo muuaji!" Haji alikuwa amesimama. "Wanamuua mtoto wako kisha wanakuletea..."

"Haji, nanywa," akasema Marjana.

Akaweka viganja vyake juu ya mkono wa Bakhtawara, akainamisha bakuli kwenye midomo. Alikunywa polepole kama mtu anayesikiliza. Watu uani walisikia koo lake. Alipomaliza alifumba macho.

"Ni yenyewe," akasema. "Yana ladha ya jiwe. Nilipoletwa hapa bibi arusi nilipewa haya." Machozi yakaanza, lakini sauti haikuvunjika. "Alikufa saa ngapi?"

"Wakati wa adhana ya alasiri. Kichwa chake kilikuwa hapa." Bakhtawara akaonyesha goti kwa kidevu. "Alisema usitoke nje, kuna baridi. Ndoo atabeba yeye."

Marjana aliyapokea maneno hayo, akayaweka mahali pake. Kisha akageuza uso.

"Alasiri," akasema. "Haji. Wewe ulikuja kunihani adhuhuri."

Tasbihi ikasimama.

"Ulikuja na sanda, tukiwa bado hatujatandika mkeka wa swala. Ulinishika kichwa ukaniambia mwanao ameuawa. Mwanangu alikuwa hai."

"Binti yangu, majonzi yamekuchanganya saa."

Watu walianza kutazamana. Yule mzee wa fimbo alikuwa ameingia, na nyuma yake vijana, na katikati ya vijana Shadi, mdomo unavuja damu. Jua lilikuwa limegusa ukuta wa magharibi.

"Nani alimpiga mwanangu?" akauliza Marjana.

Bakhtawara akaondoa kidole kwenye tundu. Tone la mwisho likaanguka zuliani. Kidole kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha mwanamke aliyefua kutwa, na kilikataa kunyooka. Akakinyoosha kwa mkono wa pili, taratibu, kiungo kwa kiungo. Akakielekeza kwenye godoro jipya.

Marjana akajifuta midomo. Akampita Haji, akazipita bunduki zenye mafuta ya dukani, akaenda mpaka mlango wa ua, na kuuteremshia komeo kwa ndani.